Ukaguzi wa Chumba cha Alasiri

Bwana Radivoje alikuwa amepiga magoti tena, rula mkononi, akipima miguu ya viti ambavyo alikwisha kuvipima mwezi Novemba.

"Mjomba," Anđela alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye hesabu zake, "viti havikui. Tunaokua ni sisi."

"Basi nikimaliza hivi nitawapima na ninyi," alijibu mkaguzi, akaandika kitu kwenye fomu yake.

Watoto wakacheka. Mwalimu Spomenka hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya jiko la kuni, akihesabu siku. Zilibaki nne kufika Siku ya Mtakatifu Sava, mwishoni mwa Januari. Barua ya manispaa kwa shirika lake dogo, iliyokuja Septemba kufuatia malalamiko ya mtu asiyejitaja jina kwamba Chumba cha Alasiri hakifundishi lolote bali kinawaotesha watoto moto wa bure, ilikuwa bayana: siku hiyo ikifika bila kibali cha ukaguzi, chumba kitafungwa. Na kikifungwa, watoto hawa, ambao wazazi wa wengi wao wako Austria kazini, wangerudi kuzimaliza alasiri zao kama zamani, kila mmoja nyumbani peke yake, ufunguo shingoni.

Kila Jumanne na Alhamisi, saa nane na nusu kamili, mkaguzi alipiga hodi. Mwanzoni alikuwa mkali. Alikataa hata maji, kwa kuwa mkaguzi anywaye cha mkaguliwa amekwisha kununuliwa. Kuelekea mwisho wa Oktoba alikubali kahawa. Desemba alikula supu ya maharage, akaandika: "Chumvi inatosha." Aliketi na kila mtoto kwa zamu, akaandika alichoelewa na alichokosea, nani ameazima kifutio cha nani, nani amepigiwa simu na mama yake na nani bado anaingoja. Katika bonde zima la Timok hapakuwa na shirika ambalo kazi yake iliwahi kuandikwa kwa kina namna ile.

Jambo moja lilimkosesha Spomenka usingizi. Fomu za Septemba zilikuwa na muhuri wa bluu wa duara katika kila ukurasa. Hizi za baadaye hazikuwa nao, na karatasi isiyo na muhuri, kama ajuavyo kila mtu, ni ya kufungia jibini.

"Muhuri hupigwa mwisho, mwalimu, kazi ikikamilika," Bwana Radivoje alimweleza alipouliza.

"Na itakamilika lini?"

"Kumebaki kitu kidogo. Haraka haina baraka."

"Hicho kitu kidogo kina miezi mitatu sasa."

Mkaguzi alilowesha kidole, akafungua ukurasa mwingine.

Jumanne hiyo, watoto walipoondoka, mkaguzi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuvaa koti, kama ilivyokuwa desturi yake. Alifunga vifungo polepole, kuanzia chini, huku akivitazama viti vilivyopinduliwa juu ya meza.

"Kuna kelele nyingi hapa," alisema.

"Na hilo umeliandika?"

"Nimeandika kwamba zipo. Sikuandika kwamba ni mbaya."

Alipotoka, Spomenka alifagia peke yake. Alijaribu kumchukia mzee yule, akashindwa kuona pa kuanzia. Hakuwa na mtu wa kumshauri. Waliolianzisha shirika pamoja naye walikwisha kuhamia Vienna mmoja mmoja, wakabaki kuwa picha za sikukuu kwenye simu. Akiwa ameshika ufagio aliamua kwamba hatangoja kitu kidogo kipatikane.

Asubuhi iliyofuata alikwenda manispaa, mfuko wa madaftari ya watoto kifuani. Karani, Bi Ljubinka, alikuwa amejifunga shali mbili na kulaza mikono juu ya kikombe cha chai.

"Nimekuja kuomba, si kudai," Spomenka alianza, kwa maneno aliyoyakariri tangu alfajiri. "Ukaguzi wetu haujamalizika. Tuongezeeni muda, hata hadi Pasaka. Nimeleta madaftari. Tazama huyu, Vukan, alikuja kwetu hajui kusoma..."

"Ngoja, ngoja, dada, utanimwagia chai." Ljubinka alivuta jalada kutoka rafuni, akapekua. "Ukaguzi gani huo? Kibali chenu kilitoka tarehe sita Oktoba. Malalamiko hayakuwa na msingi. Kazi ya ukurasa mmoja."

"Oktoba," Spomenka alisema.

"Siku aliyostaafu Radivoje. Hili ndilo lilikuwa jalada lake la mwisho. Tulimkatia keki, akarudisha muhuri, akaomba bahasha yenu aipeleke kwa mkono wake, eti ni njiani kwake." Karani alisita, akashusha miwani hadi ncha ya pua. "Usiniambie hakuileta. Kama hakuileta, sema tu. Namwita hapa leo hii aje ajieleze mbele ya mkuu wa idara."

Spomenka alimkumbuka mzee yule akifunga vifungo vya koti polepole, kama asiye na haraka ya kufika nyumbani.

"Aliileta," alisema hatimaye, akifunga mfuko wa madaftari. "Mimi nimekuja kuomba fomu tupu za ukaguzi, kama mnazo. Za kutosha kutufikisha Juni, shule zikifungwa."