Kigoda cha Mgeni

Nzabarinda alionja pombe yake ya mtama, akapangusa midomo, akakisogezea kibuyu kigoda kilichokuwa mbele yake. Kigoda hakikunywa. Hakikuwa na mtu.

Ndivyo zilivyokuwa Jumapili zake. Kule kilimani mwenyeji huonja kwanza, mgeni ashuhudie kuwa hakuna sumu, ndipo naye anywe. Nzabarinda alikuwa mwenyeji asiye na kasoro, ila wageni tu ndio hawakuwepo. Jioni pombe aliimwagia migomba. Kwa ulevi, hakuna aliyeifikia migomba ile kilima kizima.

Siku hiyo aliposikia hodi, alidhani ni mbuzi wa watu.

"Hodi, mzee! Usijifiche, sikuja kuhubiri."

Alikuwa binti wa mjini aitwaye Umurerwa, raba zimelowa tope, mkononi simu kubwa kama sinia. Alikuwa ametumwa kukipima kilima: tangu yale mauaji ya kimbari, watu wamepona kiasi gani? Wanashikana mikono? Likija balaa jingine watasimama pamoja, au kila mtu na mlango wake? Watakaoonekana wapweke wangeundiwa vikundi vya kuwarudisha kwa wenzao.

Nzabarinda alikipangusa kigoda, kisha akakipangusa tena. Akanyanyua kibuyu.

"Hapana, mzee wangu," binti alisema akiketi. "Nikiwa kazini sinywi. Wakubwa wangu wana pua."

Kibuyu kikarudi chini.

"Haya. Moja ni hapana kabisa, tano ni sana. Unawaamini majirani zako?"

"Tano."

"He! Hata bwana harusi hasemi tano. Na wao wanakuamini?"

Mzee aliangalia vidole vyake vya miguu. "Hilo kawaulize wao."

"Kazi za pamoja za Jumamosi, unakwenda?"

Alikwenda, hakukosa hata moja. Wenzake waliposhika mapanga kufyeka vichaka, yeye alichukua jembe, akajitenga upande wa mwisho, akalima peke yake. Panga hakuligusa, na watu hawakumuuliza.

"Nakwenda," alijibu.

"Na Aprili, siku za kumbukumbu?"

"Aprili nafunga dirisha. Nakaa ndani."

Umurerwa aliuweka utani pembeni. "Pole, mzee. Na familia?"

"Nilibaki mimi."

Upepo ulipita kwenye migomba. Binti aligusa simu yake taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"La mwisho, nikuache upumzike. Mara ya mwisho, nani alikunywa hapa kwako?"

Swali jepesi, hata mtoto angelijibu. Nzabarinda alikitazama kibuyu. Alimtazama binti, akayaona macho yake yameshaanza kumhurumia kabla hajatia neno, na hapo ulimi ukamponyoka.

"Mukankusi."

Majina yote yaliyojaa pale kilimani, akaokota hilo!

Mukankusi alikuwa jirani yake wa juu, mjane mwenye maneno ya kuchekesha hata maiti. Uani kwake vigoda havikutosha, wageni walikalia vinu. Kila siku alipita kando ya ua wa Nzabarinda na kopo la maziwa kichwani, kitenge amekifunga begani, akampungia mkono wa kushoto upesiupesi kama anayefukuza nzi. Hakuwahi kusimama. Salamu ya kushoto, nchi ile, ni dharau. Nzabarinda aliipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Basi wema hauna saa, na aibu nayo hivyohivyo. Kopo la maziwa likachomoza juu ya ua, macho ya mzee yakalifuata.

"Ndiye huyo?" Umurerwa alikwisharuka wima. "Mama Mukankusi! Samahani, mama! Eti wewe ndiye unayekunywa hapa kwa mzee?"

Nzabarinda alitamani kuingia mtungini, afunikwe. Kesho kilima kingeambiana: mzee amechanganyikiwa, sasa anajitungia wageni. Na amemtunga nani? Yule!

Mukankusi alisimama. Alimtazama binti, akamtazama mzee, akakitazama kibuyu. Kopo kichwani halikutikisika.

"Kasema hivyo?"

"Kasema."

"Kwa kinywa chake?"

"Mama, mimi nimeandika tu."

Mzee hakuinua uso. Alichosikia ni kopo kutuliwa chini, lango la matete kulia, kisha kigoda kikilalamika kwa uzito wa mtu.

"Pombe yenyewe sasa siikumbuki ladha," Mukankusi alisema. "Ilete, nikumbuke."

Nzabarinda alikichukua kibuyu. Pombe ikamlowesha magoti. Akakipeleka mdomoni aonje, kama ipasavyo. Hakikufika. Mkono wa kushoto ulikuja ukakitwaa.

"Mama, ngoja!" Umurerwa alicheka. "Mwenyeji hajaonja! Kukiwa na sumu je?"

Mukankusi aliinua kibuyu. Kitenge kikamteleza begani, na kicheko cha binti kikakatikia njiani: mkono wa kulia uliishia kwenye kiwiko.

"Huyu?" alisema. "Mwanangu, mwaka ule huyu alinijia na panga, mchana kweupe, akashindwa kunimaliza. Leo ataniweza kwa mtama?"