Mlango Wazi Siku ya Walimu

Mlango wa ofisi uliachwa wazi kwa amri ya polisi.

"Leo ni Siku ya Walimu," Afisa Pyo alisema asubuhi ile. "Guk atakuja kukubandika ua kifuani, Mkuu. Mwanafunzi uliyemlea mwenyewe hakosi siku hii, hata akiwa anasakwa nchi nzima."

Seo Byeong-u, mkuu wa kitivo, aliendelea kupanga karatasi mezani. Alikuwa amepewa cheo hicho miaka mitatu nyuma, baada ya wenzake wote kukikataa. Tangu hapo alikuwa ametia saini barua thelathini na nane za kuwafukuza wanafunzi walioandamana. Zile za kwanza zilimkosesha usingizi. Siku hizi mkono ulijiendea wenyewe.

"Picha yake imebanduka kwenye faili," Pyo aliendelea. "Huku sura yake unaijua wewe tu. Akiingia, fungua dirisha, nasi tutampokea langoni. Jioni ikifika hatujamkamata, kesho kiti hicho kina mtu mwingine."

Hapo Pyo akamwona mtu aliyeketi pembeni: koti la ngozi, nywele fupi, gazeti usoni. Pyo akakaza mgongo, akapiga saluti. Mtu yule hakuinua macho.

"Kumbe Usalama wa Seoul wameleta mtu wao," Pyo akanong'ona. "Hawatuambii kitu, wale. Na ole wako umwulize kitambulisho."

Akashuka.

Miaka ya nyuma, siku kama hii, maua mekundu yalijaa hadi kwenye kabati. Leo alikuja msichana mmoja tu, wa mwaka wa kwanza. Akaweka mezani ua jeupe, lile la msibani.

"Pole kwa kufiwa, Mwalimu. Tumesikia dhamiri imefariki." Akageukia pembeni. "Na wewe, mbwa wa Seoul, ukurasa huohuo tangu asubuhi? Waambie wakufundishe herufi kwanza!"

Wenzake wakaangua kicheko ngazini.

"Nenda darasani, mwanangu," Seo akasema.

Mchana zililetwa tambi za mchuzi mweusi, mabakuli mawili. Mtu wa koti alimaliza lake bila kupumua. Seo akamsogezea na la kwake.

Alijaribu kusali. Alifika "mkate wetu wa kila siku," akasahau kinachofuata. Hakuona uchungu, wala hofu. Alilitazama dirisha lililofungwa kama mtu atazamavyo ukuta, na Mungu, kama alikuwa akisikiliza, alisikia kimya.

Saa kumi na moja Pyo akapanda, shati limelowa jasho.

"Hakuja?"

"Hakuja mwingine zaidi ya wale uliowaona wakipanda."

Pyo akaliona ua jeupe, akacheka puani. "Miaka ishirini na sita ya kufundisha, Mkuu, na hili ndilo ua lako? Basi kusanya vitu vyako. Sisi tunakaa langoni mpaka giza."

Akapiga saluti upande wa koti la ngozi, akaondoka.

Seo akasikiliza viatu vyake mpaka ngazi ya mwisho. Akafuta miwani, akaivaa tena.

"Pita lango kuu, Guk," akasema. "Wakikupigia saluti, usiitikie."