Maji ya Kuoga ya Makame

"Hita ya maji imekufa, mke wangu. Vumilia," Makame alisema, na Saumu akavumilia. Kila alfajiri, baridi ya mji ule ikipenya hadi kwenye mifupa, alikoka mkaa, akamchemshia mumewe maji ya kuoga, akampelekea ndoo mpaka mlangoni pa bafu, kama mama yake alivyomfunza. Shoga yake Kibibi, ambaye Saumu mwenyewe alimkaribisha chumba cha uani alipoachika, alikuwa akimpa pole. "Hata kwangu ni barafu tupu, shoga."

Leo ndoo ilikuwa tayari, Makame haonekani. Saumu akaona bora aiangalie hiyo hita mwenyewe. Akapanda juu ya kigoda. Taa nyekundu inawaka. Akagusa tangi, likamuunguza. Kumbe nzima! Akalifuata bomba la maji moto kwa macho. Koki ya kuleta maji bafuni kwake ilikuwa imekazwa kabisa, na kando yake limeungwa bomba jipya, limetoboa ukuta kuelekea uani. Bila shaka liliwekwa alipokuwa msibani kwao.

Akaweka kiganja ukutani. Ukuta una joto. Upande wa pili maji yalikuwa yakimwagika na Kibibi akicheka, kisha mtu akakohoa kikohozi ambacho Saumu amelala nacho miaka yote ya ndoa.

Akashuka, akainyanyua ndoo yake, akazunguka uani.

"Hodi, Kibibi," akaita taratibu. "Fungua mlango. Nimeleta maji ya mume wetu."

Ndani, maji yakaacha kumwagika. Ndoo ilikuwa bado inafuka mvuke.