Mti wa Mpakani

"Chukua mti wote, shemeji, bure kabisa. Upepo wa juzi umekuangushia kuni za mwaka mzima."

Mjane alishika shoka, lakini mkono ukasita. Huyu ndugu wa marehemu mumewe hakuwahi kumpa hata njiti ya kiberiti. Leo kaja na msumeno wake mwenyewe, jasho linamtiririka, anakata matawi kama kalipwa.

"Na mizizi nayo ing'oe yote," aliongeza. "Shimo nitalifukia mimi."

Mjane akachutama penye mizizi iliyotazama juu. Akausugua mmoja kwa kidole gumba. Udongo ulibanduka kirahisi, kama uliopakwa kwa mkono. Chini yake mzizi ulikuwa umekatwa, laini kama kipande cha sabuni. Akasugua wa pili. Vilevile.

Akainua macho. Upande huu shamba lake, upande ule la shemeji, na alama ya mpaka waliyoachiwa na baba mkwe ilikuwa moja tu: mti huu.

"Vipi, shemeji, umechoka?"

Mjane akaketi ukingoni, akatumbukiza miguu shimoni, shoka mapajani.

"Wewe kata tu, shemeji," alisema. "Shimo halifukiwi."