Kisanduku Kisicho na Jina

Mvua ilikuwa inanyesha, na Marlys akavaa miwani ya jua. Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akasimamisha kola ya koti, ndipo akakata kona ya Barabara ya Tamarack na gari lake la posta.

Ilikuwa hivyo kila siku. Wenzake walishamfuma mara mbili, na Duane, anayepanga vifurushi, hakumpa nafasi ya kupumua. "Jamani, nyota wetu wa sinema huyo! Leo unamkimbia nani, Marlys?"

"Nakukimbia wewe na mdomo wako," alimjibu. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Mwisho wa barabara ile, nyuma ya shamba la matufaha, kulikuwa na kisanduku cha barua kisicho na jina. Barua zake zilikuja kwa mafungu, ndani ya bahasha kubwa kutoka ofisi ya jimbo kule Olympia. Kila mpeleka barua anajua maana yake: kuna mtu amemkimbia mtu. Jimbo humpa aliyekimbia sanduku la posta huko Olympia, alitaje shuleni, benki na hospitali kana kwamba ndiko kwake. Barua zikifika, jimbo linamtumia anakolala kweli. Na anakolala hakujui mtu, isipokuwa ofisi ile na huyo anayezitia barua kisandukuni.

Miezi miwili nyuma, siku ya kwanza kupewa njia hii, Marlys alisoma jina kwenye bahasha: Corinne.

Mara ya mwisho walionana mahakamani, miaka mitatu nyuma, upande wa pili wa jimbo. Corinne alikuwa na plasta ya mfupa uliovunjika mkononi. Marlys alikuwa shahidi. Alinyanyua mkono wa kulia, akaapa kusema kweli, kisha akasema kwamba jioni ile mkono ulipovunjwa, Wade, mshtakiwa, alikuwa jikoni kwake, kichwa chini ya sinki, akirekebisha bomba. Uongo mtupu. Wade akaachiwa. Corinne hakupiga kelele wala nini. Alimtazama tu Marlys, na macho yale hayakumtoka tena.

Baada ya hapo hata dukani aliona aibu kwenda. Akaomba uhamisho, akavuka milima, mwendo wa saa tano kwa gari, akidhani atasahau. Loo! Jimbo lote hili, na Corinne naye akaja kujificha huku huku.

Alitamani kubisha hodi aombe radhi. Lakini angebisha, Corinne angefungasha virago kabla ya jua kuzama, akaanze upya kwingine, na dhambi ingekuwa ya pili. Basi alivaa kofia na miwani, akatia barua, akaondoka na moyo mzito.

Siku hiyo ya mvua, mtoto alikuwa amesimama kando ya kisanduku. Msichana wa miaka sita hivi, koti la njano, masikio yametokeza kwenye kofia.

"Mbona umevaa miwani ya jua na jua hakuna?"

"Macho yananiuma."

"Unalia?"

"Ni mvua, kipenzi."

"Mvua haiingii ndani ya gari." Mtoto akapokea bahasha, akasogea karibu na dirisha, akanong'ona, "Sisi hatuko hapa. Ukiulizwa, useme hatuko. Mama kasema."

"Nitasema hamko."

"Ahidi."

"Naahidi."

"Junie!" sauti ikaita kutoka barazani. "Ingia ndani sasa hivi!" Marlys akaondoa gari bila kugeuka.

Alipofika kwake, gari jekundu lilikuwa limeegeshwa uani. Wade alishaingia, alijua ufunguo unakofichwa. Alikuwa amekaa mezani, anachota mabaki ya nyama na viazi moja kwa moja kutoka kwenye sufuria.

"Chumvi bado unamwaga tu," alisema.

"Umefuata nini huku?"

"Kuna jamaa kamwona Corinne juzi, hapa hapa kwenu, duka la vyakula vya farasi. Wewe unapeleka barua kaunti nzima. Usiniambie hujui."

"Sijui."

"Mwone shingo ilivyoiva nyekundu! Hata mahakamani iliiva hivyo hivyo. Bahati yetu hakimu alikuwa anatazama saa." Akaweka kijiko chini. "Nataka kuongea naye tu. Kuongea, basi."

Hayo ndiyo aliyosema pia siku aliyomvunja Corinne mkono. Mtu huyu alikuwa huru kwa sababu yake yeye, na mikono ile ilikuwa huru kwa sababu yake yeye.

"Sijui aliko, Wade. Rudi nyumbani."

Wade akainuka, akaenda kwenye rafu, akashusha Biblia kubwa yenye jalada jeusi. "Mahakamani ulinyanyua mkono hewani tu. Kwa hiki kitabu hujawahi kudanganya maishani mwako, nakujua." Akakifungua, akakisukuma mpaka mbele yake. "Haya. Apa."

Marlys alijua akisitasita hata kidogo, Wade atazunguka barabara moja baada ya nyingine mpaka amfikie. Akavua glavu.

Kitabu kilikuwa kimefunguka kwenye ukurasa wa ukoo, majina aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe: Wade, kifungua mimba wake; na chini yake Junie, mjukuu wake wa pekee. Akaweka kiganja juu ya yote mawili, akamtazama mwanawe machoni, akaapa kwamba hajamwona mtu.