Hesabu ya Membe, Kiplombe

"Membe kumi na moja," Stephen alisema, jicho kwenye darubini.

"Kumi na moja," karani wake akarudia, akaandika.

Kila Januari wawili hawa huhesabu ndege wa maji kwenye bwawa hili la Kiplombe. Stephen huangalia na kutaja, karani hurudia na kuandika. Lakini Januari hii ya 2008 Eldoret ilikuwa ikifuka moshi wa ghasia za uchaguzi, Wakikuyu wakiwindwa, na hesabu ilikuwa ujanja tu. Mmoja wao alikuwa Mkikuyu. Akivuka ukingo wa bwawa na kufika kituo cha polisi, amepona. Asipofika, basi.

Vijana wanane wakachomoka kwenye matete, wana pinde na marungu.

"Usigeuke," karani alinong'ona. "Hesabu."

Stephen hakugeuka. Jasho lilimteremka shingoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi ya kugonganisha meno.

"Nyinyi mnafanya nini hapa?" kiongozi wao akauliza.

"Tunahesabu ndege," Stephen alijibu. "Mama Kiprono, andika bata sita."

"Sita."

"Na hao weupe?" kiongozi akaendelea.

"Membe. Ndege wa baharini."

"Bahari iko wapi hapa Eldoret? Hata hao warudi kwao."

Wenzake wakacheka. Karani akacheka nao, kicheko cha meno tu. Kiongozi alimwangalia, akalainika.

"Mama Kiprono, jina lako ni la kwetu, wewe uko sawa. Lakini huyu jamaa amenipea mgongo, na kofia hadi masikio. Wewe, geuka uongee lugha yetu."

Maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyaogopa karani tangu alfajiri. Akaikodolea macho ile sita aliyoiandika, akaiona kitanzi.

Stephen akageuka polepole. Akafungua mdomo, na Kikalenjin kikamwagika. Akawasalimu, akaulizia ng'ombe, akamtania mmoja aliyevaa viatu visivyofanana. Vijana wakaangua kicheko, wakampa mkono, wakashika njia ya mjini.

Stephen alirudisha jicho kwenye darubini. Akangoja hadi sauti zao zikapotea.

"Umeitikia jina la kwetu vizuri, Wamucii," akanong'ona. "Sasa twende kituoni, kabla hawajarudi kuuliza huyo Kiprono ni nani."