Sufuria za Bi Mwanaidi

Mwalimu Tumsifu aliwaagiza wanafunzi wake, watu wazima wanaosoma Kiingereza alasiri, walete vitu vitatu vya kulinganisha ukubwa. Bi Mwanaidi alikuja na sufuria zake, zimeingiliana moja ndani ya nyingine.

Alizipanga mezani taratibu. Jua la dirishani likazijaza, na kwa kitambo akauona mvuke ukipanda, akasikia wanawe wakigombania ukoko kama zamani, kabla hawajahama nyumbani.

"Haya mama, ipi kubwa kuliko zote?" mwalimu aliuliza kwa Kiingereza.

Jibu alikuwa amelikariri njia nzima. Lakini mkono wake uliipita ile ya pilau, ukaipita ya wali wa kila siku, ukatua kwenye kisufuria cha mwisho.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Mama, hiyo si ndiyo ndogo?" mwalimu aliuliza.

"Najua, mwanangu," alisema kwa Kiswahili. "Lakini siku hizi hata nikipika humu, asubuhi nakuta kiporo."

Chaki ya mwalimu ikasita ubaoni. Bi Mwanaidi akakifunika kile kisufuria kitupu kwa kiganja, polepole, kama mtu anayezuia mvuke usitoke.